Nyumba Iliyoziba Mnara

Katika mji mdogo wa kilimani, kule Italia, nyumba ya mjane Ersilia ilimzibia tajiri Baldovino asiuone mnara wa kale kutoka kwake.

"Kesho naibomoa, bibi."

"Bomoa, bwana mkubwa. Nisaidie tu kung'oa lile jiwe la ukutani, nibaki na kumbukumbu."

Baldovino alifunua majani ya mzabibu, akasoma: "Hapa alizaliwa Baldovino wa Kwanza, shujaa wa mji."

"Babu yangu! Mbona hukusema?"

"Nilidhani wajua, bwana. Ukoo wenu si wa kusahau."

"Najua, najua! Nilikuwa nakupima tu."

Siku hiyohiyo aliamuru nyumba isiguswe, na paa litengenezwe.

Baldovino alipoondoka, Ersilia alipangusa unga mweupe wa jiwe uliobaki kwenye herufi, akairudisha kabatini patasi ya marehemu mumewe, mchonga mawe.