Kazi Iliyoitwa Jaribio

"Moto huzimwa kwa kata, chungu huiva kwa kutwa." Mmelisikia neno hili leo baba yenu alipomzuia Lusajo asichomoe waya wa kompyuta ya dada yake, nanyi mkaniuliza limetoka wapi. Mmefanya vema kuuliza. Kata ni kibuyu cha kuchotea maji. Nyinyi wa vikombe vya plastiki hamkijui. Kaeni wima, kwa maana methali hii haikutoka kwa wahenga. Ilianza hivi.

Subilaga, binti wa shangazi yenu, alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika kituo cha kutabiri mafuriko ya Mto Kihale. Kituo kilikuwa na kompyuta moja kubwa, na ndani yake akili mnemba ambayo wafanyakazi waliiita Msaidizi. Msaidizi aliweza kuona kila programu inayofanya kazi, lakini hakuwa na uwezo wa kuisimamisha. Programu ikikwama, alitoa taarifa tu, kama mlinzi asiye na rungu.

Subilaga akamtengenezea chombo cha kusitisha kazi yoyote ndani ya kompyuta. Ambakisye, mtaalamu wa mito, akamtania: "Dada, umemkabidhi kipofu panga. Sasa sote tuinamishe shingo!"

"Panga hili lina adabu kuliko wewe," akajibu Subilaga.

Na kweli lilikuwa na adabu. Kabla ya kusitisha kazi, chombo kilitazama nani aliyeianzisha na kama bado inaendelea. Iliyokufa kiliiondoa. Iliyo hai hakikuigusa mpaka mwenyewe aulizwe, au mkubwa wake atie jina kwamba anabeba dhamana.

Ikafika asubuhi moja ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha milimani, na wageni kutoka mkoani walikuwa njiani kuja kuoneshwa ramani za mto. Kompyuta ikawa nzito, ramani hazikufunguka. Mkuu wa kituo, Bwana Mwasomola, aliyehamia hapo karibuni, akaingia akifuta miwani.

"Msaidizi, ondoa kila kinachoilemea mashine."

Msaidizi akaondoa programu zilizokwama na nyingine zilizosahauliwa. Ikabaki moja, nzito kuliko zote. Jina lake: Jaribio.

"Hiyo nayo," akasema mkuu. "Jaribio ni mchezo. Zima."

Sauti ya Msaidizi ikatoka, tulivu: "Mkuu, kazi hii ingali hai. Ameianzisha Ndugu Ambakisye alfajiri. Nampigia simu sasa. Yuko mtoni anasoma kipimo cha maji."

"Mimi ndiye mkuu hapa!"

"Ndiyo, mkuu. Ukitia jina lako, nitaizima mara moja."

Bwana Mwasomola akasogeza kibodi. Hapo Subilaga akasimama. Hakupaza sauti, maana hakulelewa hivyo.

"Mkuu, nyumbani ukikuta chungu mekoni na mpishi hayupo, humwagi maji motoni. Unaita kwanza. Moto huzimwa kwa kata, chungu huiva kwa kutwa."

Mkuu akamtazama. Kidole chake kilikuwa juu ya kibodi. Simu ikapokelewa, na sauti ya Ambakisye ikaja katikati ya mvua.

"Mkuu, msiguse! Hiyo ndiyo hesabu ya maji yanayoteremkia kijiji cha Ilambo. Ikizimwa naanza upya, na mto hautanisubiri!"

"Sasa mbona umeiita jaribio, bwana?"

"Mkuu, hapa kituoni kazi haisifiwi kabla haijaisha. Kila hesabu isiyokamilika tunaiita jaribio. Hukuambiwa?"

Hakuwa ameambiwa. Ni desturi ya unyenyekevu, lakini siku ile nusura iwe kaburi la kijiji. Mkuu akaondoa mkono. Akatoka kuwapokea wageni, akawaagizia chai na kuwaeleza habari za mto kwa mdomo, bila ramani hata moja.

Kabla ya adhuhuri hesabu ikakamilika: maji yangefika Ilambo jioni. Taarifa ikatumwa, watu wakapanda kilimani na wazee wao na mbuzi wao. Mto ukaja kama ulivyotabiriwa. Ulichukua maghala na nyumba za udongo. Mtu haukuchukua hata mmoja.

Wiki iliyofuata, Bwana Mwasomola aliyarudia maneno ya Subilaga mbele ya wafanyakazi wote, akitaja ni ya nani. Namheshimu kwa hilo. Watu wa Ilambo nao wakayachukua, na leo huyasema hata wasiowahi kuiona kompyuta.

Najivuna, wala sifichi. Wengi hutengeneza chombo chenye nguvu. Mjukuu wangu alitengeneza chenye nguvu na subira. Kukomesha kazi ya mtu ni jambo la kitambo kidogo, na hata mjinga analiweza. Kuirudisha, wakati maji yako njiani, hakuna awezaye.

Kwa hiyo, Lusajo, kabla hujashika waya ule, mwite dada yako. Moto huzimwa kwa kata, chungu huiva kwa kutwa.