Jembe la Lango la Kitundwi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wenye njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale palikuwa na mji wa ngome, Kitundwi, kuta zake za mawe na chokaa, nene hata punda hupita juu yake. Lango lake lilikuwa la uganga. Halikujali nyundo wala shoka. Lilisikia neno moja tu, "karibu," likitoka kinywani mwa bawabu, Bi Mwanakombo. Na mgeni akishakaribishwa hafukuzwi. Ila akivunja ada ya ugeni, lango lenyewe humtema.

Siku moja Bi Mwanakombo anakuna nazi, akasikia, "Hodi!"

"Karibu!" akajibu, macho kwenye mbuzi ya nazi. Si ndivyo tulivyolelewa?

Lango likafunguka. Lo! Zimwi hilo, jicho moja, mdomo kama sinia.

Siku ya kwanza likala kondoo wote. Siku ya pili likala ng'ombe wote. Kisha likamnyooshea kidole Tumu, binti pekee wa Bi Mwanakombo.

"Kesho nala huyu."

"Ole wangu!" akalia mama. "Mdomo wangu unaniulia mwanangu!" Akalia, akalia, mara akakumbuka jambo. Akafuta machozi.

Asubuhi akalijia zimwi na jembe.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndiyo ada yetu. Mji hauna kisima. Chimba upate maji, ndipo ule."

Zimwi likacheka, likachimba hadi magotini. "Nile?"

"Bado maji, mgeni wetu. Chimba."

Likachimba hadi kifuani. "Nile?"

"Bado maji, mgeni wetu. Chimba."

Likachimba hadi utosini, mikono malengelenge matupu. "Nile?"

"Bado maji, mgeni wetu. Chimba."

"Mimi si kibarua wenu!" Likaruka nje, likatupa jembe.

Weee! Ada imevunjwa! Lango likafunguka kwa kishindo, likalitema zimwi hadi ng'ambo ya vilima.

Basi Tumu akashuka shimoni na jembe lile. Akapiga mara moja tu, maji yakabubujika. Mama yake akacheka huku analia.

Watu wakamwambia, "Bi, usimkaribishe mtu tena."

"Hilo siliwezi," akasema. Akaliangika jembe langoni. Tangu hapo, hodi ikipigwa, huuliza kwanza, "Nani mwenzangu?" Kisha husema, "Karibu."

Hadithi yangu imeishia hapo kisimani; mwenye kiu na anywe. Mgeni mkaribishe, lakini mjue kwanza, na anayekula nawe na alime nawe.