Papa Sylvestre Hakimbii

Wahenga walisema: kawia ufike. Maana yake ni kwamba heri mtu achelewe lakini afike anakokwenda, kuliko yule anayeondoka kwa kishindo na kuishia njiani. Wakubwa wa siku hizi wameigeuza methali hiyo. Wao hukawia, halafu hawafiki kabisa. Na wakifika, hufika na hotuba tu, mikono mitupu. Lakini dhahabu haiwi chuma kwa sababu imeshikwa na mwizi, na methali ni vivyo hivyo.

Katika kijiji kimoja upande wa Lusangi aliishi mwanamume aliyeitwa Sylvestre, ambaye kila mtu alimwita Papa Sylvestre. Kazi yake ilikuwa kusukuma baiskeli. Alipakia madumu ya mafuta ya mawese mbele na nyuma, akafunga fimbo ndefu kwenye usukani, akaisukuma baiskeli kwa mguu hadi soko la Kasongo, mlima na bonde, tope na vumbi. Kazi hiyo ilikuwa imeliinamisha bega lake moja kama tawi lililobeba matunda mengi. Ilikuwa imemfundisha pia mwendo mmoja tu. Msukuma baiskeli hakimbii. Akikimbia kwenye mteremko, mzigo humpita, na hapo humzika yeye chini yake.

Mke wake, Clémentine, alifariki wakati wa mvua zilizopita. Alikwenda kujifungua kwenye materinite ya kijiji, nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi zilizooza. Mvua ilinyesha ndani kama ilivyonyesha nje. Damu ilipoanza kumtoka, mkunga, Mama Émérance, alikuwa ameshika mwavuli kwa mkono mmoja ili taa isizimike. Mkono mmoja hauwezi kuokoa roho mbili. Mama na mtoto wakazikwa pamoja. Na mabati ya ile materinite yalikuwa yameahidiwa tangu zamani. Kila mkubwa aliyepita na gari lake aliyaahidi upya, akapigiwa makofi, akaenda zake.

Basi siku moja ikaja habari kwamba Komite ya Maendeleo imepata mabati kutoka kwa wafadhili. Badala ya kuyagawa, rais wa komite, Bwana Théophile, aliona afadhali afanye sherehe. Yatakuwapo mashindano ya mbio kwenye barabara ya Kabambare, kuishia sokoni Kasongo. Kila kijiji kilete mtu mmoja. Kijiji ambacho mtu wake atafika kwa miguu yake kabla ya jua kuzama, kitapewa mabati. Ambacho mtu wake hatafika, kisubiri. Watu wenye akili walielewa papo hapo: aliyeweka sharti hilo aliomba Mungu wafike wachache.

Kijiji kilimtegemea kijana Bienvenu, aliyekuwa na mbio kama swala. Lakini siku chache kabla ya mashindano, Bienvenu alisikia kwamba shimo la rafiki zake kule Salamabila limeanza kutoa dhahabu. Hakuaga. Vijana wengine walikuwa wamekwenda hukohuko zamani. Kwenye mkutano wakabaki akina mama, watoto na wazee wanaokohoa.

"Nitakwenda mimi," alisema Papa Sylvestre.

Watu walicheka hadi machozi. Mama Cadette, muuza mihogo, akamwambia, "Papa Sylvestre, tuhurumie! Wewe hata kuku anakushinda mbio."

"Ni kweli, kuku anakimbia sana," akajibu. "Na kila siku tunamukula."

Mama Émérance peke yake hakucheka. "Papa," alisema, "ukianguka njiani, tutakosa mabati na tutakosa wewe."

"Sitaanguka, mama. Iko mutu moja tu aliyenifanya nipige magoti, na nilimuzika."

Siku ya mashindano ilifika. Wakimbiaji waliambiwa wawepo alfajiri, kukiwa bado na ubaridi. Wakaja, wakanywa chai, wakangoja. Jua likapanda, wakangoja. Bwana Théophile na wenzake walifika kwa gari la jipu wakati jua lilipokuwa utosini, shati jeupe halina hata doa, wakapiga picha, wakasoma hotuba ndefu kuhusu nidhamu. Hapo ndipo filimbi ilipopigwa. Wakimbiaji wakafyatuka kama mbuzi waliofunguliwa kamba, na mbele yao alikuwa Alain, mchezaji wa mpira wa kijiji jirani, amevaa kaputula fupi inayong'aa.

Papa Sylvestre naye akakimbia. Hakukimbia kwa sababu miguu ilitaka. Alikimbia kwa sababu watu walikuwa wakimtazama. Hakuwa amewahi kushindana maishani mwake. Kabla ya kufika kwenye daraja la kwanza, kifua kilikuwa kinawaka kama tanuri la matofali na mate yake yalikuwa mazito kama uji. Vijana waliokaa juu ya daraja wakapiga mayowe: "Muzee, wenzako wamefika, wewe ungali unaaga!"

Akasimama. Akashika kiuno. Akajiuliza: hii aibu ni ya nani? Mimi sikumuua mtu. Sikuiba bati la mtu. Kwa nini nikimbie kama mwizi?

"Cheka mpaka meno yakauke," aliwaambia wale vijana. "Kuanzia hapa, natembea."

"Kwenye mbio unatembea?"

"Natembea. Aliye na neno aje anibebe."

Akaliinamisha bega lake kama aliyeshika fimbo ya baiskeli, akashika ule mwendo aliouzoea, mwendo usio na haraka wala kituo. Mbele yake vumbi la wenzake lilitulia, hatimaye likatoweka. Alikuwa wa mwisho, na hakuna aliyebaki nyuma yake ila mbwa mmoja, ambaye naye alichoka akarudi.

Lakini jua la mchana ni askari asiyepokea rushwa. Haukupita muda mrefu kabla hajaanza kuwakuta wale mbuzi waliofyatuka. Mmoja alikuwa amelala kivulini, akitapika chai. Wawili walikaa kando ya barabara, vichwa katikati ya magoti. Kisha pikipiki zikaanza kumpita zikitoka nyuma, kila moja imebeba mkimbiaji aliyejifunika kitambaa usoni.

Penye kijiji cha katikati ya njia alimkuta mama mmoja mtu mzima amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, pembeni yake birika la chai na sahani ya wali iliyofunikwa.

"Papa, mukwe wangu Alain hujamuona?" aliuliza. "Niliambiwa anapita hapa wa kwanza. Hawezi kupita kwangu bila kuonja kitu."

"Sijamuona, mama. Atakuja tu."

Alipokwenda mbele kidogo, akasikia sauti kutoka shamba la mihogo. "Psst! Papa! Papa Sylvestre!"

Alikuwa Alain, amechuchumaa katikati ya majani, mikono miwili imeziba mapaja. "Mama mukwe iko pale?"

"Iko. Na amekupikia wali."

"Mungu wangu! Nitapita vipi mbele ya mama mukwe na hii kaputula? Ataniona mapaja yote! Nimekaa hapa tangu zamani, na yeye haondoki."

Papa Sylvestre hakuweza kujizuia, akacheka mara ya kwanza tangu msiba. "Nenda umusalimie. Omba kitenge ujifunge, ule, uendelee polepole."

"Polepole? Nimekwisha kuchelewa! Nitazunguka nyuma, huku porini, nitokee kule mbele."

"Alain, huko nyuma ni mashimo matupu ya wachimbaji. Nyasi zimeyafunika."

"Nitaruka!" akasema Alain, na akapotea kwenye mihogo kama panya. Aliruka kweli, hata mashimo mawili. La tatu lilimpokea. Wachimbaji walimtoa kwa kamba, kifundo cha mguu kimevimba kama papai, na mama mkwe wake ndiye aliyekuja kumkanda kwa maji ya moto, mapaja akiyaona vizuri.

Jua lilianza kuinama. Pikipiki moja ikapunguza mwendo kando ya Papa Sylvestre. Aliyeiendesha aliitwa Heri, kijana anayejulikana barabara yote.

"Papa, panda. Nakushusha kabla ya soko, nyuma ya ile kona. Unaingia kwa miguu. Wenzako wote wamefanya hivyo."

Papa Sylvestre aliiangalia ile pikipiki. Nyayo zilimuuma. Ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa. Kasongo ilikuwa bado mbali, na jua halikuwa na huruma; lilishuka kama mtu aliyelipwa. Kama angechelewa, materinite ingebaki na nyasi, na mvua nyingine zilikuwa njiani, na kijijini kulikuwa na wanawake wanne wenye mimba.

"Heri, mwanangu, waliowabeba wenzangu ni nani?"

"Ni sisi motari wa pikipiki. Komite imetulipa mafuta."

Papa Sylvestre akatema mate yasiyokuwapo. "Basi ni mtego. Wanataka tudanganye, halafu watuulize: nani alifika kwa miguu? Wote kimya. Mabati yanarudi kwao. Enda, mwanangu. Waambie hiyo furaha sitawapa."

Na kweli, huko sokoni Kasongo mambo yalikuwa yamekwenda hivyohivyo. Wakimbiaji walipoingia, Bwana Théophile alichukua mikro, kile kipaza sauti chake, na kutangaza kwamba kwa masikitiko makubwa, karibu wote wameonekana wakibebwa. Vijiji viwili tu ndivyo vilivyopewa mabati. Yaliyobaki yarudishwe depo, kwenye ghala la komite, mara moja. Watu walijua maana ya depo. Tayari jiko la nyuma ya nyumba ya Bwana Théophile lilikuwa linameta paa jipya.

Lakini wapakiaji walipoyaendea mabati, walikuta yamekaliwa na akina mama waliotangulia kwa lori la soko. Mama Émérance alikuwa amekaa juu yake, na kando yake Mama Cadette, na kando yao wale wanawake wanne wenye mimba, miguu wameinyoosha kama walio nyumbani.

"Tokeni hapo, mama," alisema Bwana Théophile. "Mbio zimekwisha."

"Mutu wetu bado iko njiani."

"Amechelewa!"

"Na nyinyi asubuhi mulichelewa," alisema Mama Émérance. "Tuliwafungia mbio? Tuliwangojea kwenye jua, na tukawapigia makofi. Jua halijazama. Tunakaa."

"Mama, unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua sana. Ila sikujua ulikuwa wapi ule usiku wa mvua, Clémentine alipokufa."

Sokoni watu waliacha kuuza. Wasukuma baiskeli, waliokuwa wameshusha madumu yao, wakajongea mmoja mmoja, wakasimama nyuma ya wale wanawake. Jua likagusa miti. Bwana Théophile akatabasamu, akaangalia saa yake.

Hapo ndipo mtoto mmoja aliyepanda juu ya kibanda alipopiga kelele: "Anakuja! Papa wa bega anakuja! Anatembea tu!"

Alikuja katikati ya barabara, mweupe kwa vumbi kama aliyetoka kusaga unga, bega limeinama, viatu amevishika mkononi. Watu walianza kumpigia kelele, "Kimbia, papa! Jua! Kimbia!" Hata Mama Émérance aliyakaza meno. Kwa kukimbia hatua chache tu angewanyamazisha wote. Yeye hakubadili mwendo. Alijua magoti yake: yangekubali kutembea, yasingekubali kingine, na akianguka hapo mbele ya mikro asingeinuka. Alitembea mpaka akaigusa meza ya komite kwa kiganja. Nyuma yake jua lilikuwa bado na ukingo mwekundu juu ya miti.

"Nimefika," alisema.

Bwana Théophile alikohoa. "Muzee, tunakupongeza. Lakini hii ilikuwa mashindano ya mbio. Wewe ulitembea. Komite itakaa, itachunguza, na mwezi ujao..."

Papa Sylvestre hakumngoja amalize. Hakuomba, hakusujudu, hakutoa hata maneno ya hasira aliyoyabeba njia nzima. Alimpita rais wa komite kama mtu anavyopita kisiki, akawaendea wale wanawake. "Simameni, mama zangu," aliwaambia. Wakasimama. Akainama, magoti yakilia, akaliinua bati la kwanza, akaliweka kichwani.

"Polisi!" akaita Bwana Théophile.

Polisi aliyekuwa pale aliangalia matumbo ya wale wanawake wanne, akaangalia wasukuma baiskeli waliojaa soko zima. "Shefu," alisema, "mimi niliambiwa kulinda mabati yasiibwe. Haya nayaona yanakwenda kwa wenyewe." Akageukia upande wa msikiti, ambako mwadhini alikuwa ameanza kuita.

Bati la pili lilibebwa na Mama Émérance, la tatu na Mama Cadette, aliyekuwa akilia na kujilaumu kwa ule utani wake wa kuku. Yaliyobaki yalifungwa kwenye baiskeli kwa kamba za mpira. Bwana Théophile aliendelea kuzungumza kwenye mikro, akitaja kanuni na vifungu, lakini hotuba yake haikuwa na wa kuisikia ila mbuzi. Msafara ulikwisha kushika barabara ya Lusangi, na mabati yalikuwa yanalia juu ya baiskeli kama ngoma ya arusi.

Mvua zilipoanza, Mama Émérance alizalisha kwa mikono miwili. Wanawake wote wanne walirudi nyumbani na watoto wao. Waliokimbia walibaki na hadithi ya kusimulia, waliopanda pikipiki walibaki na aibu, na wakubwa walibaki na mikro yao. Lakini aliyetembea ndiye aliyeezeka nyumba. Kawia ufike.