Mashine Inayoondoka Saa Kumi

Wapendwa, palikuwa na mkaguzi mmoja wa vyuo vya uhandisi. Msinibane sana kuhusu uhandisi. Nimezunguka nchi nyingi, lakini nikipanda kubadilisha balbu nyumbani, mama mchungaji huwatoa watoto nje kwanza. Mkaguzi huyu, lakini, alikuwa mtu mkubwa. Chuo asichokitilia saini hakifunguliwi, na wiki ile alikuwa anangoja kupandishwa awe mkuu wa baraza zima linalosimamia vyuo.

Akafika chuo kimoja. Mkuu wa chuo akampeleka maabara, akamwonyesha mashine ya kupima nguvu ya zege. Inang'aa, ila kamba ya lori bado imefungwa mguuni.

"Hii nimeiona juzi chuo cha ng'ambo ya mto," mkaguzi akasema.

"Zinafanana, mzee. Kiwanda ni kimoja."

"Mpaka kovu hili la ubavuni?"

Mkuu wa chuo akakohoa. Mkaguzi akamgeukia binti wa mwaka wa mwisho. "Haya mwanangu, weka kipande cha zege humo, tuone kinavunjika kwa uzito gani."

"Shikamoo mzee. Tumeambiwa tusiiguse. Inaondoka saa kumi."

Mwalimu wake akajitetea kwamba yeye hufundisha nadharia tu. Mkaguzi akafurahi moyoni: leo nimewapata. Ndipo yule binti, bila ubaya wowote, akasema, "Basi tuonyeshe wewe, mzee. Mwezi ujao naanza kazi kwenye ujenzi wa ghorofa la hospitali."

Mkono wa mkaguzi ukaenda kwenye swichi, ukaishia hewani. Kwani mnadhani yeye alisomea wapi? Enzi zake pia mashine ililetwa siku ya ukaguzi, wakaitazama kwa mbali, ikapakiwa. Angeweza kusema anawahi kikao. Nani angejua?

Akavua koti, akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi. "Sijui," akasema. "Andikeni: chuo hakikupita, na mkaguzi hakupita. Nitaliambia baraza tuache kutangaza siku za ukaguzi, na tuanze kukaguliwa sisi wakaguzi."

Cheo akapewa mwingine. Yule binti akafundishwa kabla hajajenga.

Na sisi je? Askofu akitangaza ziara tunaazima viti, tunaazima kwaya, tunaazima hata upendo: tunakumbatiana mlangoni na watu ambao jana tuliwapita bila salamu. Mzee wa kanisa anaona, ananyamaza, maana naye kaazima. Mimi sisemi kitu, kanzu hii yenyewe ni ya jirani.

Lakini Mkaguzi wetu hatangazi siku, wapendwa. Akiingia na kusema, "Haya mchungaji, nionyeshe," heri anikute nimeshaketi kujifunza.