Chombo cha Jirani Hakirudi Kitupu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakivaa kanzu na kula sikukuu kama sisi, Bi Kindi alikuwa na majirani watatu. Mzee Kiboko na Mzee Nyati walikuwa na shibe yao. Mama Kanga alikuwa mjane, na mafuriko yalikuwa yamemsombea chakula chote.

Asubuhi ya Idi, vifaranga wake walilia, "Kwi! Kwi! Mama, Idi yetu iko wapi?"

Kindi hakuvumilia. Mbio hadi kwa Kiboko. "Hodi! Mzee, wapunguzie wali watoto wa Kanga."

"Ebo! Kwani mafuriko nimeleta mimi? Nenda kwa Nyati!"

Akaenda kwa Nyati.

"Mfff! Kwa nini mimi? Sufuria la Kiboko ni kubwa kuliko langu. Nenda kwake!"

Nenda kwa huyu, nenda kwa yule! Kindi alichoka mpaka mkia ukamsimama. "Matumbo kama magunia, mioyo kama punje!" alifoka njiani. "Haya. Wamekataa kutoa kwa huruma, watatoa kwa kuogopa aibu."

Maana mji ule ulikuwa na desturi yake: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kindi alikuwa na tende mbili tu. Moja akaiweka katikati ya sinia kubwa, nyingine ndani ya bakuli kubwa, akavifunika kwa kawa.

"Mzee Kiboko, jirani anakupa mkono wa Idi."

Kiboko akafunua. "Tende moja? Sinia lote hili! Huyu ni Nyati tu. Anataka nirudishe kidogo, anitangaze mchoyo. Hanipati!" Pwaa! Pwaa! Akapakua wali mpaka ukawa kilima. "Mpelekee jirani yangu!"

"Nitampelekea jirani yako," Kindi akajibu. Hakusema yupi.

Nyati naye, alipoletewa bakuli, alidhani ni Kiboko. Akajaza bakuli mchuzi wa kunde wa nazi, pomoni.

Mchana wazee wakakutana njiani.

"Nyati, tende moja! Huoni haya?"

"Mimi? Si wewe uliyeniletea?"

Wakatazamana. "KINDI!"

Gidi! Gidi! Wakafuata harufu mpaka kwa Mama Kanga. Kabla hawajanguruma, vifaranga wakawakimbilia.

"Babu Kiboko! Babu Nyati! Karibuni! Mama amesema tusianze mpaka wenye chakula wafike."

Kiboko akaona haya. Akaketi, akachovya tonge kwenye mchuzi.

"Lo! Nani kapika huu? Mimi tangu asubuhi natafuna wali mkavu, uvivu wa kukuna nazi!"

"Mimi," Nyati akasema. "Nami wali wangu umeungua, nimeshinda nakunywa mchuzi mtupu."

"Sasa tangu asubuhi nawaambia nini?" Kindi, aliyeketi kando ya Mama Kanga, akapiga kelele. "Nini?"

Walikula, wakacheka, vifaranga wakalala wameshiba. Wakati wa kuaga, Mama Kanga akaosha vyombo, akatia unyoya wa madoadoa katika kila kimoja, akawapa wazee.

Kiboko akautazama. "Lahaula! Kumbe na kesho nirudishe kitu?"

"Rudisha," Kindi akasema, "ila ubebe mwenyewe. Mimi mgongo umekwisha!"

Basi wanangu, anayemkumbuka jirani siku ya sikukuu hali wali mkavu.