Ukili wa Bi Mwanahawa

Aliye karibu na mlango aufunge, ndipo nianze.

Palikuwa na mama msuka mikeka, Bi Mwanahawa, na binti yake wa pekee, Zena. Kila Zena alipokwenda kuni, mama alimfunga kiunoni ukili mrefu, ule msuko wa miyaa wa kushonea mikeka, na ncha ya pili akajizungushia mkononi mara tatu. Wasiwasi ukimshika, huvuta.

Siku hiyo akavuta. Sauti ikajibu kutoka msituni, "Nipo, mama."

Akavuta tena. "Nipo, mama." Sauti ilikuwa imesogea.

Akavuta mara ya tatu, na ukili ulikuwa mzito kama unaburura gogo. "Nipo, mama," ikajibu pale migombani, mbele ya nyumba.

Mara Zena akaingia kwa mlango wa uani, kuni kichwani.

"Mama, unavuta nini? Ukili ulinasa miibani asubuhi, nikaufungua nikauacha huko."

Ukili ukakaza.

"Sasa zamu yangu," ikasema sauti, nayo haikuwa tena ya mtoto. Lilikuwa zimwi. Mama akaburutwa hadi kizingitini.

"Achia, mama," akasema Zena.

"Nikiachia, sitajua liko wapi."

"Achia."

Mama akaukunjua ukili mkononi mara moja, mara mbili, mara tatu. Ukili ukachomoka, ukatambaa, ukapotelea migombani. Zimwi lilikokwenda hakuna ajuaye.

Asubuhi iliyofuata Zena akachukua kamba ya kuni. Mama akasimama mlangoni, mikono mitupu.

"Nenda, mwanangu."

Msiniulize kama alirudi. Alipomwambia nenda, hata mama yake hakujua.