Mkunazi wa Bi Suyin

Masikio nipeni mimi, hukumu nawaachia nyinyi.

Katika mji mmoja wa Uchina waliishi waganga watatu wa mitishamba. Bao alijua kutafuta: mtajie ugonjwa, atakuonyesha mti wake. Meirong alijua kuandaa, kinu na kikaango vilimtii. Mzee Kang alijua kuzifungisha dawa ndoa, maana watu wa huko hushikilia kwamba dawa haitembei peke yake, sharti iwe na mwenzake.

Jirani yao Bi Suyin, mchoraji wa bakuli, alikosa usingizi tangu afiwe na mumewe. Samaki aliowachora wakatoka na mikia iliyopinda. Akalia, kisha akasema, "Atakayenilaza, mkunazi wangu ni wake." Mti wenyewe ulikuwa mmoja tu, na waganga wote walikuwa wakiumezea mate.

Bao akautazama, akacheka. "Bibi, dawa yako inakuangukia kichwani kila siku!" Akaokota kunazi chachu, akatoa mbegu, akazichemsha. Bi Suyin akanywa, akakesha.

Meirong akachungulia chungu. "Kaka, umechemsha mbegu nzima? Dawa itatokaje na ganda limefunga mlango?" Akazikaanga kidogo, akazitwanga, akachemsha upya. Bi Suyin akasinzia, lakini jani likianguka tu, anashtuka, moyo unamwenda mbio.

Mzee Kang akamshika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo. "Usingizi umekuja, wanangu, ila hakuna wa kuushikilia." Akaipatia mbegu mwenzake, uyoga mweupe wa kwenye mizizi ya msonobari. Bi Suyin akalala fofofo. Alipoamka alichora samaki, ungedhani ataruka kutoka bakulini.

Hapo ugomvi ukaanza.

"Bila mimi mngetwanga nini?" akafoka Bao.

"Bila mimi angekunywa maji ya moto tu," akajibu Meirong.

"Na bila mimi angekuwa anashtuka hadi leo," akasema Mzee Kang.

Wakamwendea Bi Suyin aamue. Walimkuta chini ya mkunazi, amemaliza kikombe chake cha dawa.

"Nimeshajua wa kumpa," akasema huku akipiga mwayo. "Mti huu nampa..."

Akakoroma.

Watatu wakatazamana. Nani athubutu kumwamsha, aitwe mharibifu wa dawa yao wote? Wakakaa, wanangoja.

Basi tuwasaidie. Aliyeiona mbegu, aliyeifungua, au aliyeipa mwenzi? Je, wewe ungeamua vipi? Jibu, lakini kwa kunong'ona: bibi wa watu amelala.